Joginder Singh: Bingwa Aliyejua Kupunguza Mwendo

Katika miaka ya sabini, mtoto wa bara ya Mombasa, akiwa wa Likoni, wa Kisauni au wa Changamwe, hakukosa gari la waya. Magurudumu yalikuwa ya vifuniko vya makopo, usukani ulikuwa fito ndefu, na injini ilikuwa mdomo wa mwenyewe. Sisi wa chuoni, mwalimu akitutuma maji kisimani, tulikwenda mbio tukinguruma, na aliyetangulia ndiye aliyepewa jina la heshima. Siku hiyo yeye ndiye Joginder.

Jina hilo halikuwa la Mswahili wala la Mwislamu, wala mwenyewe hakuzaliwa pwani. Alikuwa Kalasinga wa Kericho, mwenye kilemba na ndevu, fundi wa magari na mwana wa fundi. Lakini Kenya nzima ilimjua, na pwani haikubaki nyuma. Magari ya mashindano ya Safari yaliposhuka kutoka Nairobi, watu walijipanga kando ya njia kutoka Mazeras hadi Changamwe, wazee kwa watoto, wakingoja kivumbi. Wengi hawakuzijua sheria za mashindano. Walitaka kumwona Joginder tu.

Watu walimsifu kwa kasi yake, na wageni walimpa lakabu ya Kalasinga Arukaye. Sifa hiyo ni ya kweli, ila ni nusu ya habari. Madereva wenye kasi walikuwa wengi, na wengi wao waliyaacha magari yao kando ya njia, giaboksi zimesagika na propela zimekatika. Joginder alikuwa akifika. Kufika huko kulitokana na elimu ambayo madereva wetu wa leo wanaihitaji kuliko elimu ya kukimbia, nayo ni elimu ya kushusha mwendo bila kuvunja chombo.

MWANA WA GEREJI

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Sardar Battan Singh, alitoka Punjab katika Bara Hindi akaja Kenya katika miaka ya ishirini. Joginder ndiye aliyekuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto kumi, wanane wa kiume na wawili wa kike. Alisoma Nairobi, na alipomaliza masomo aliingia katika gereji ya baba yake.

Aliingia kwa mlango wa nyuma, kama waingiavyo vijana wote wa gereji: kushika spana, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kulala chini ya gari huku oili ikimdondokea usoni. Watu hudhani kazi hiyo ni ya kumpotezea kijana wakati. Kumbe ndiyo iliyomfanya bingwa. Mtu aliyeifungua giaboksi kwa mikono yake, akayaona meno ya gia yalivyolika na beringi zilivyopasuka, akiingia garini husikia sauti ambazo mwingine hazisikii. Kwake, mlio mdogo chini ya miguu ni habari kamili.

Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa askari wa doria, kazi ya kupita njiani na kuwasaidia madereva waliokwama. Hapo alisoma darasa la pili. Katika gereji fundi huliona gari lililokwisha kuharibika, lakini aendaye doria hulikuta njiani saa ile ile lilipoharibika, na mwenyewe amesimama kando akieleza alilofanya dakika moja kabla. Mtu mwerevu akiyasikia maelezo hayo kila siku, hujifunza nini kinachoua magari.

Mwaka uliofuata, 1959, alishiriki Safari kwa mara ya kwanza.

MASHINDANO YA KUVUNJA MAGARI

Vijana wa leo huenda hawaijui Safari ya zamani. Ilianzishwa mwaka 1953 kwa ajili ya sherehe za kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilifanywa siku za Pasaka, wakati mvua za masika zinapoanza kumwagika. Kwa siku kadhaa, usiku na mchana, madereva walikimbia maelfu ya kilomita juu ya vumbi, mawe, mito iliyofurika na udongo mweusi unaonata kama ulimbo. Njia hazikufungwa. Mbele ya dereva palikuwa na ng'ombe, malori, baiskeli na watu wanaokwenda sokoni.

Katika miaka ya 1963 na 1968 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Makampuni ya Ulaya yalileta magari mapya na madereva wenye majina makubwa, kisha yakarudi kwao na vyuma chakavu.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Erik Carlsson wa Sweden, jitu la mtu, aliyeendesha gari dogo la Saab na mwaka 1964 akashika nafasi ya pili. Gari lake lina funzo kubwa. Injini ya Saab ile ilikuwa ya aina ambayo oili yake huchanganywa na petroli, kama ya pikipiki nyingi za zamani. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta ghafula huku gari likiteremka kwa kasi, petroli hukatika, na oili hukatika pamoja nayo. Magurudumu yakiendelea kuizungusha injini iliyo kavu, pistoni hukwaruzika na kukamata. Kwa hiyo Waswidi walitia ndani ya gari hilo kifaa cha kuitenga injini na magurudumu kila dereva alipoachia mafuta. Injini ilishuka taratibu kwa mwendo wake, na gari likaendelea kuteleza kwa mwendo wake. Waliotengeneza gari lile walijua kwamba hatari haiko katika kwenda mbio peke yake. Iko pia katika kuacha kwenda mbio.

GARI LA MTUMBA

Mwaka huo huo wa 1964 kampuni ya Volvo ilileta magari yake ya PV544, nayo hayakufua dafu. Joginder alilichukua moja, gari lililokwisha kutumika na kuteswa, akalifungua na kulifunga upya yeye mwenyewe. Lilikuwa gari la umbo la zamani, mgongo wa mviringo, injini ya lita 1.8 na gia nne. Mbele ya magari mapya ya wageni lilikuwa kama mtumba mbele ya kanzu ya sikukuu.

Mwaka 1965 aliingia nalo mashindanoni, akiwa na ndugu yake Jaswant kama msaidizi wa kusoma njia. Wakashinda. Gari ambalo kampuni yake yenyewe ilikuwa imelikatia tamaa lilifika likiwa zima na likatangulia, chini ya mikono ya vijana wawili wa gereji ya Nairobi. Tangu siku hiyo jina la Joginder halikuhitaji maelezo.

Gari lilikuwa la aina ile ile iliyoshindwa mwaka uliotangulia, na njia ilikuwa mbovu vile vile. Kilichobadilika ni fundi aliyelifunga na mtu aliyeketi nyuma ya usukani. Katika habari hii hao walikuwa mtu mmoja.

MENO YA GIA YANA PANDE MBILI

Tuueleze ufundi wenyewe, maana ndio kiini cha maneno yetu.

Sisi watu wa pwani tunajua vyombo. Nahodha aliyejaza tanga, jahazi likakata maji kwa kaskazi, hawezi kuufungua demani kwa mkupuo mmoja akatazama tu. Tanga litapiga, foromali itachapa, na mlingoti unaweza kuvunjika. Upepo uliokuwa ukisukuma upande mmoja huwa umeachiwa, na uzito wote hurudi upande wa pili kwa kishindo. Nahodha mzuri hupunguza, hulegeza, huligeuza jahazi kidogo, kisha ndipo hushusha.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Dereva akikanyaga mafuta, injini huyasukuma magurudumu, na meno ya gia husukumana kwa upande mmoja wa uso wake. Akiuondoa mguu ghafula, mambo hugeuka: sasa magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini. Meno huachana, huvuka ule mwanya mdogo ulio baina yao, kisha hugongana kwa upande wa pili. Pigo hilo hupita kwenye propela, kwenye difu na kwenye ekseli. Mwendo ukiwa mdogo, husikia kidoko tu. Mwendo ukiwa mkubwa, ni nyundo. Na dereva anayekanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia kutwa kucha, huwa amelipiga gari lake nyundo maelfu.

Gari likiruka tuta na magurudumu yakawa hewani, hapo ni hatari zaidi. Magurudumu hayana kinachoyashika, kwa hiyo yakitiwa mafuta huzunguka ovyo. Yakigusa ardhi hukamatwa mara moja, na nguvu yote hurudi ndani kutafuta chuma kilicho dhaifu. Dereva hodari hupunguza mafuta gari likiwa hewani, na hutia tena pale tu tairi zinapoishika ardhi. Udongo wa kunata nao una hila hiyo hiyo, kwani tairi huteleza, huteleza, kisha ghafula hukuta jiwe.

Na injini ikikamata au ikizimika gari likiwa katika kasi, dereva ana kitambo kifupi mno cha kuamua. La kwanza ni klachi. Akiikanyaga mara moja, injini iliyosimama hutengwa na magurudumu yanayozunguka, na giaboksi husalimika. Akichelewa, magurudumu huvutana na chuma kilichogoma, tairi za nyuma huweza kuburura na gari likamtoka mikononi.

HATA MAREKANI WALIJIFUNZA KWA DAMU

Wako watu huko Marekani ambao mashindano yao ni ya mstari mmoja ulionyoka, robo ya maili tu, na gari humaliza kwa sekunde chache likiwa limepita kilomita 300 kwa saa. Mtu atauliza, kuna ujuzi gani hapo zaidi ya kukanyaga? Ujuzi ni mwingi, na sehemu yake kubwa iko baada ya mstari wa mwisho. Dereva hufungua mwavuli nyuma ili hewa ilishike gari, na huizima injini kwa utaratibu, maana giaboksi za magari mengi ya namna ile hupata oili kutoka pampu inayozungushwa na injini. Injini ikifa, pampu hufa, na vyuma vya ndani vikiendelea kuzungushwa na magurudumu huzunguka vikavu. Tena, dereva akiachia mafuta akiwa katika gia ndogo, kuna sehemu za ndani ambazo huzunguka kwa kasi iliyozidi ile ya injini yenyewe, na ngoma ya chuma inaweza kupasuka kama bomu.

Tarehe 8 Machi 1970 bingwa wao Don Garlits alikuwa katika uwanja wa Lions, huko California, wakati giaboksi ya gari lake ilipopasuka na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Akiwa kitandani hospitalini alifikiria gari la namna nyingine, lenye injini nyuma ya dereva badala ya mbele yake. Mwaka 1971 alishinda nalo, na wenzake wakamfuata. Leo giaboksi za magari hayo huvikwa ngao, ili chuma kikipasuka kisimfikie mtu.

Joginder hakukimbia mashindano hayo. Lakini kanuni ni moja, kwamba chuma hakina huruma kwa mtu asiyejua nguvu inatoka wapi na inarudi wapi.

MATOPE YA 1974

Mwaka 1970 Joginder alishika nafasi ya pili kwa gari la Datsun. Kisha akajiunga na Mitsubishi ya Japani, kampuni iliyokuwa bado inajitafutia jina. Mwaka 1974 alianza na gari dogo la Lancer, injini ya lita 1.6, msaidizi wake akiwa David Doig. Mbele yake walikuwako mabingwa wa Ulaya, na miongoni mwao Björn Waldegård wa Sweden katika Porsche 911, gari lenye nguvu nyingi kuliko lake.

Mvua ilinyesha kwelikweli mwaka ule. Njia ziligeuka mito na mashamba yakageuka maziwa. Porsche ilikwenda kwa kasi ya kutisha, lakini njia iliudai mguu wake wa nyuma, ukavunjika, na muda wa matengenezo ukapotea. Lancer ndogo iliendelea kuja. Joginder akawa wa kwanza na Waldegård wa pili.

Mwaka 1976 akarudia, na Doig yule yule, na Lancer. Safari hiyo Mitsubishi ilizoa nafasi zote tatu za kwanza: Joginder, kisha Robin Ulyate, kisha Andrew Cowan. Kwa ushindi huo Joginder alikuwa dereva wa kwanza kuishinda Safari mara tatu. Baadaye Shekhar Mehta aliipita hesabu hiyo kwa kushinda mara tano, lakini mlango alioufungua ni wa Joginder.

Hata hivyo, mimi siyahesabu sana yale makombe matatu. Naihesabu tarakimu nyingine. Kutoka mwaka 1959 hadi 1980 aliingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho. Mashindano yaliyokuwa yakila magari kama moto ulavyo makuti yalimshinda mara tatu tu. Tarakimu hiyo haipatikani kwa bahati, wala kwa ushujaa peke yake. Hupatikana kwa mtu anayelihurumia gari lake na kulisikiliza, naye amekwisha kujua litavunjikia wapi kabla halijavunjika.

MTEREMKO WA MAZERAS

Nimeyaandika haya kwa sababu ya lori moja.

Nilikuwa kijana, nikirudi kutoka Mariakani, nikapewa lifti katika lori lililosheheni. Tulipofika kichwa cha mteremko wa Mazeras, dereva akaitoa gia, akazima injini, akaegemea kiti. Akaona ajabu nilipomtazama. Alikuwa akiyaokoa mafuta ya tajiri wake, na nadhani akiba hiyo aliiuza mwenyewe. Mwanzo ilikuwa raha, maana hapakuwa na mngurumo, ila upepo tu na mlio wa tairi. Kisha akagusa breki, akagusa tena, akagusa tena. Mara ya nne uso wake ukabadilika rangi.

Sikujua wakati ule, lakini najua sasa. Breki za lori ni za upepo, na upepo huo huvutwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikizimwa, kilichobaki ndani ya tangi ndicho hicho, na kila kukanyaga hukipunguza. Usukani nao huwa mzito, na ufunguo ukichomolewa unaweza kufungika kabisa. Giaboksi nayo huteswa bila kelele: shimo la kati huzungushwa na magurudumu, lakini gia za chini zinazorusha oili zimesimama pamoja na injini, hivyo chuma husugua chuma kikavu. Na kurudisha gia katika kasi ile ni kuomba meno yakatike.

Dereva alijaribu kurudisha gia, tukasikia mlio ambao hadi leo ukinijia usiku naamka. Haikuingia. Mungu alitujalia, kando ya njia palikuwa na mchanga mwingi uliolundikwa, akaliparamisha lori humo, tukasimama tukiwa tumeinama upande. Hakufa mtu. Mbele yetu, mita chache tu, mama mmoja alikuwa akivuka na ndoo ya maji kichwani, akiwa na mtoto mkononi. Hakujua lolote. Alivuka, akaenda zake.

Nilipokuwa mtoto nilitaka kuwa Joginder kwa ajili ya kasi. Siku ile nilimwelewa kwa jambo jingine. Angelikuwa yeye nyuma ya usukani ule, injini isingezimwa. Fundi hushuka mlima na gia ndogo, injini ikiwa hai, ikilizuia gari kama mkono unavyomzuia mtoto. Huichagua gia hiyo kabla ya kuanza kuteremka, si katikati. Breki huzitumia kwa kiasi, ili zisichemke. Na anapofika chini, baada ya safari ndefu ya kasi, huiacha injini ipumue kidogo kwa mwendo wa chini kabla ya kuizima, oili ipite na joto lishuke.

MWISHO WA SAFARI

Baada ya mwaka 1980 Joginder aliyaacha mashindano ya Safari. Alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Safari yenyewe ilitoka katika orodha ya mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarudi 2021 huko Naivasha, fupi kuliko ile ya zamani na katika njia zilizofungwa.

Huku kwetu magari ya waya yamepungua, na watoto wana michezo mingine. Lakini mteremko wa Mazeras haujaondoka, wala ule wa kuingia feri Likoni. Na katika gereji za Kisauni na Changamwe wamo vijana wenye mikono myeusi kwa oili, ambao wapita njia huwadharau. Tusiwadharau. Bingwa mkubwa wa Safari alianza vile vile, chini ya gari, na spana mkononi.

Na wewe dereva, usiku wa leo ukifika kichwa cha mteremko, mkono ukakuwasha kuizima injini kwa ajili ya nusu lita ya mafuta, mkumbuke yule mama mwenye ndoo. Huenda yuko chini, anavuka.